Kuku Thelathini na Wanane wa Nchi ya Kioo

Nimekuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi kwa miaka ishirini na miwili, na katika miaka hiyo nimehudhuria semina nyingi kuliko harusi. Kwa hiyo barua iliponitaka niende nchi ya Kioo kujifunza uongozi wa teknolojia kwa wakuu wa shule, nilifanya tunavyofanya wote: nilifua gauni langu la kijani, nikanunua daftari jipya, nikaenda. Habari za njiani hazimfai mtu yeyote. Nilifika katikati ya Septemba, nikakaa wiki sita, na haya ndiyo niliyoyaona.

Kitu cha kwanza anachokiona mgeni huko ni glovu. Cheo cha mtu katika elimu hupimwa kwa urefu wa glovu zake. Mwalimu wa darasa hana. Mwalimu mkuu msaidizi huvaa zinazoishia kwenye kifundo cha mkono, mwalimu mkuu huvaa za kufika kiwiko, na ofisa elimu huvaa za kufika begani. Mlezi Mkuu wa Mitambo, ambaye ndiye mkubwa wao wote, zake zimeshonewa kwenye shati na vidole vimeunganishwa pamoja, hata hawezi kushika kijiko. Ana mtu wa kumlisha. Mtu huyo humsaidia pia katika haja nyingine ambazo sikuona sababu ya kuuliza.

Sheria yenyewe ni fupi: Kiongozi huongoza, hagusi. Nilielezwa maana yake siku ya kwanza ya semina. Anayegusa mashine ataijua. Anayeijua ataulizwa. Anayeulizwa anaweza kukosea mbele ya walimu wake, na hapo heshima imekwisha. Nilicheka kimoyomoyo, kisha nikakumbuka mara ngapi mimi mwenyewe nimemwambia mwalimu wa zamu awashe projekta kwa kuwa nina kazi nyingi, nikasimama pembeni nikitazama saa.

Semina ilikuwa ya siku tatu. Tulifundishwa namna ya kusimama kando ya kompyuta tunapopigwa picha, na namna ya kusema "tunaelekea huko" bila kutaja wapi. Siku ya mwisho ilikuwa ya maono. Kila mkuu wa shule huko hupeleka maono yake kila mwaka, na mwenye maono ya mbali zaidi hupandishwa cheo. Tulisimuliwa, kama onyo, habari za mkuu mmoja aliyeandika kwamba anaona kila mtoto wa darasa la tatu akijua kusoma. Mwaka ule ule wote wakajua kusoma, naye akaachishwa kazi kwa kuishiwa maono.

Baada ya hapo nilipangiwa Shule ya Mwangaza ili nijifunze kwa vitendo chini ya mkuu wake, Bi. Sikitu Marimbo. Alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka hamsini na mitatu, zamani mwalimu wa hisabati, na bado alikuwa na tabia ya kuhesabu vitu chini chini: ngazi, madirisha, watu waliomo kwenye mkutano. Glovu zake zilikuwa za ngozi nyeupe. Joto la mchana likizidi, alizinyunyizia poda ndani kupitia kiwikoni, huku akiomba radhi.

Alinitembeza. Vishikwambi sitini vilikuwa ndani ya kabati la vioo, bado vimo kwenye nailoni zake, na wanafunzi walipanga foleni kuvitazama kila Alhamisi. Darasani walivichora kwa penseli na kutaja sehemu zake. Tulipofika Darasa la Saba B, Bi. Sikitu alisimama mlangoni akasema, "Hiki ni chumba kitupu."

Ndani walikuwamo watoto thelathini na wanane. Mwalimu wao alikuwa ubaoni akifundisha kugawanya sehemu kwa sehemu. Msichana aliyekaa dawati la mbele alisimama, na wote wakasimama naye.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, wanangu," nilisema.

Bi. Sikitu alitazama ukuta. Tulipotoka niliona cheti kimetundikwa juu ya mlango: Darasa lenye nidhamu bora wilayani, mihula miwili mfululizo.

Ofisini alinieleza. Nchi nzima huendeshwa kwa Daftari Kuu, nalo limo ndani ya mtambo. Aliyeandikwa humo yupo, asiyeandikwa hayupo. Mwezi wa Januari toleo jipya la Daftari lilipoingia, Darasa la Saba B lilidondoka. Tangu siku hiyo mwalimu wao alitakiwa kuandika kila Ijumaa kwamba chumba ni kitupu na nidhamu ni nzuri sana. Ndipo vyeti vikaanza kuja.

"Si uwarudishe," nilisema.

Alinionyesha kompyuta iliyokuwa juu ya meza yake, imefunikwa kitambaa kilichofumwa kwa mkono. "Orodha ya wanafunzi hufunguka kwenye mashine hii tu, na kwa neno la siri la mwalimu mkuu tu."

"Na mwalimu mkuu ni wewe."

"Ndiyo. Nami siruhusiwi kuigusa."

"Basi mpe fundi."

"Fundi hutengeneza kile ambacho kiongozi amekiri kwamba kimeharibika. Mimi nilitia saini Januari kwamba toleo limeingia salama. Wakuu wote tulitia." Alisukuma mlango wa ofisi ukafungika. "Tangu nchi hii ianze, Mwalimu Hyera, hakuna kiongozi aliyewahi kukiri kitu."

Nilimuuliza itakuwaje mtihani wa taifa, uliokuwa umebaki wiki tano, kwa kuwa majina ya watahiniwa hutolewa kwenye Daftari hilo hilo. Alianza kuhesabu vigae vya sakafu.

Mchana nilikuwa nimekaa kibarazani nikiandika, yule msichana wa dawati la mbele akanijia. Alijitaja kuwa Shemsa Ngulo, akasimama wima kama anayesoma shairi mbele ya wazazi.

"Mwalimu, wewe ni mgeni. Unatuona?"

"Ninawaona."

"Wote?"

"Wote."

Alifikiri. "Basi nikija kuulizwa na mtu, nitasema yupo aliyetuona." Akaenda zake kupanga foleni ya chakula. Hapo nikajiuliza jambo ambalo lingenijia mapema kama ningekuwa mpishi: watoto wasiokuwapo wanakula nini?

Jikoni nilimkuta Mwatabu, mwanamke mnene mwenye sauti ya kukwaruza, akikoroga sufuria la makande. Huko wapishi si viongozi, kwa hiyo wanagusa wanachotaka. Alikuwa na kishikwambi cha jikoni kimejaa alama za vidole vya mafuta. Kilifungua fomu mbili tu, ya chakula na ya mifugo ya shule.

"Januari waliniletea chakula pungufu cha watu thelathini na wanane," alisema. "Nikauliza, nikaambiwa hakuna watu. Basi nikaingia kwenye mifugo, nikaandika kuku thelathini na wanane. Chakula kikaja siku ya tatu. Tena kizuri kuliko cha watoto."

Alinigeuzia kishikwambi. Fomu ilitaka jina la kila kuku, naye hakuwa na muda wa kubuni. Nilisoma: Kuku namba moja. Shemsa Ngulo. Jike. Mwekundu. Anakula vizuri.

"Mwekundu?"

"Fomu inataka rangi, dada. Na mtoto mwenyewe huwa na sweta jekundu."

"Bi. Sikitu anajua?"

"Mwalimu Mkuu huja hapa kila siku saa sita, anahesabu sahani, anaondoka. Hajawahi kuniuliza wale kuku wako wapi."

Kama kuku wale wangebaki kuwa siri ya jikoni, nisingekuwa na cha kusimulia. Lakini walistawi. Kwa miezi minane hakufa hata mmoja, hakuna aliyeugua kideri, na Shule ya Mwangaza ikawa ya kwanza nchini kwa ufugaji. Wiki yangu ya tatu Mlezi Mkuu wa Mitambo, Mheshimiwa Dologwa, alikuja mwenyewe na maofisa saba kuwaona.

Bi. Sikitu aliwapokea getini. Uso wake ulikuwa wa mtu anayekwenda kung'olewa jino. Mheshimiwa aliomba aonyeshwe banda. Bi. Sikitu hakuwa na banda. Akawapeleka Saba B.

Maofisa walisimama mlangoni. Watoto walisimama wakatoa shikamoo zao. Ofisa mmoja kijana, mwenye glovu mpya zisizokunjika vizuri, alisema polepole, "Mheshimiwa, mimi naona watoto."

"Daftari linasemaje?" aliuliza Mheshimiwa Dologwa.

Ofisa mwingine alisomewa na karani wake. "Kuku, Mheshimiwa."

"Basi ni kuku. Wanafanya nini?"

"Wanagawanya sehemu kwa sehemu," alisema mwalimu wao.

Mheshimiwa alitikisa kichwa kwa kuridhika. Alisema katika ziara zake zote hajapata kuona mradi wa kuku uliofika kiwango hicho. Hapo Bi. Sikitu, na nadhani hata yeye mwenyewe hakujua kwamba angesema, akauliza kama kuku hao wanaweza kufanya mtihani wa taifa.

Mjadala ulichukua saa mbili, wamesimama. Ofisa wa sheria alisema kanuni inamtaka mtahiniwa awe ameandikwa kwenye Daftari Kuu na awe amefundishwa mtaala wa darasa la saba. Haisemi popote kwamba awe mtu. Ofisa wa mitihani aliogopa kuweka desturi mbaya: mwakani shule nyingine italeta mbuzi. Ofisa wa tatu aliuliza kuku atashikaje kalamu, akaonyeshwa Shemsa ameshika kalamu, akasema ameridhika. Yule kijana alijaribu tena kusema kwamba anaona watoto, akaambiwa suala hilo lilikwisha kujadiliwa. Mwishowe waliamua kuku wafanye mtihani, mradi chumba kifagiliwe vizuri baadaye.

Bi. Sikitu alilia kwa furaha. Nami, sitaficha, nilimpongeza. Tuliona tumeshinda. Ni Mwatabu peke yake aliyebaki anakoroga sufuria lake bila kucheka.

"Mwalimu Mkuu," alisema, "mimi humo kwenye mifugo nimezunguka sana. Kuku wana mwisho wao."

"Mtihani ni wiki tatu zijazo, Mwatabu. Tuache tupumue."

Mwisho huo ulikuja Jumanne, siku nane kabla ya mtihani, saa nne ya asubuhi. Lilikuwa lori lenye matenga ya kubebea kuku yaliyopangwa hadi juu. Dereva alishuka na karatasi. Alieleza kwa adabu kwamba kuku wakitimiza miezi tisa Daftari Kuu huwaandikia safari lenyewe, bila kumsumbua mtu, na kwamba anatakiwa machinjioni kabla ya adhuhuri.

"Hapa hakuna kuku," nilimwambia.

"Mama, mimi napakia majina. Likipungua hata moja narudishwa nyumbani, nami nina familia." Alitazama matenga, akatazama watoto waliokuwa wametoka kwa mapumziko, akakuna kichwa. Kisha, kwa kuwa hakuwa na njia nyingine ya kuianza kazi yake, akaanza kusoma.

"Shemsa Ngulo."

"Nipo," Shemsa aliitika.

Nimesikia watoto wakiitika majina maisha yangu yote, lakini sijapata kusikia vile. Tangu Januari hakuna mtu aliyewasoma kutoka kwenye karatasi yenye muhuri. Walikuja mbio kutoka kila pembe ya uwanja. Kila jina lililosomwa lilijibiwa kwa sauti kubwa kuliko lililotangulia, na aliyeitika alikwenda kupanga mstari kando ya lori, amenyoosha sweta, anacheka. Dereva alipofika jina la ishirini sauti ikaanza kumkatika. Aliendelea kusoma kwa sababu wao walikuwa wanasubiri.

Bi. Sikitu alikuwa ofisini anapiga simu. Karani ndiye aliyebonyeza namba, na simu ikashikwa kwenye sikio lake. Upande wa pili nayo ilishikwa kwenye sikio la Mheshimiwa. Niliisikia sauti yake.

"Suala hilo liko kwenye mchakato, Bi. Sikitu."

"Lori liko hapa, Mheshimiwa."

"Ukiwafuta kuku hakuna mtihani. Ukiwaacha, lori lina haki yake. Nakushauri uandike maono."

Simu ikakatika. Bi. Sikitu alitazama dirishani. Midomo yake ilikuwa inacheza, nikajua anahesabu mstari: ishirini na sita, ishirini na saba. Kisha akauma ncha ya glovu ya kulia kwa meno, akavuta.

Haikutoka kirahisi. Alikuwa amezivaa miaka kumi na moja, akizivua usiku tu, gizani, kama sheria inavyotaka. Mikono ilipotoka ilikuwa myeupe na yenye makunyanzi kama ya mtu aliyefua siku nzima. Karani alikimbilia nje. Bi. Sikitu aliondoa kitambaa kwenye kompyuta, akachana bahasha ya neno la siri aliyopewa siku ya kuapishwa, akaketi.

"Mwalimu Hyera, unajua hizi?"

"Kidogo tu," nilimjibu, na ilikuwa kweli.

Tulihangaika wote wawili. Nilidhani tutaandika watoto mmoja mmoja. Lakini ukurasa wa Saba B ulipofunguka, chini yake palikuwa na kitufe chenye maneno mawili: Rejesha darasa. Kilikuwa hapo tangu Januari. Alikibonyeza kwa kidole kimoja, na majina yote thelathini na manane yakapanda juu ya kioo. Kazi nzima ilichukua dakika nne, na tatu kati ya hizo alikuwa akitafuta miwani yake.

Kisha tulimwita Mwatabu naye akafuta kuku wake kwa kidole chenye mafuta. Huko nje simu ya dereva ililia. Aliisoma, akaikunja karatasi mara nne. "Sina mzigo," alisema, na akakaa kwenye ngazi ya lori muda mrefu kabla ya kuondoka.

Watoto hawakufurahi. Shemsa alimfuata Bi. Sikitu uwanjani. "Mwalimu, hatuendi?"

"Hamwendi."

"Lakini tumesomwa."

Bi. Sikitu alirudi ofisini, akachapa orodha, akaigonga muhuri, akatoka nayo. Alisimama mahali pale pale aliposimama dereva, akawasoma wote tena, mmoja mmoja, kutoka karatasi yenye muhuri. Waliitika. Mwisho akasema rudini darasani, nao wakarudi kwa kelele nyingi kiasi kwamba jioni ile cheti cha nidhamu kilishushwa.

Kesi yake ilisikilizwa Ijumaa. Shtaka lilikuwa moja, kugusa.

"Uligusa?" Mheshimiwa Dologwa aliuliza.

"Niligusa."

"Ukaonaje?"

"Vumbi, Mheshimiwa."

Maofisa walijadili kama kurudi kwa Saba B ni ushahidi kwamba Daftari Kuu lilikosea. Waliamua halikukosea. Watoto walikuwa safarini, na sasa wamerejea. Yule ofisa kijana aliomba iandikwe kwamba yeye aliwaona tangu mwanzo, akajibiwa kwamba kuona si kazi ya ofisi yake. Bi. Sikitu alivuliwa ukuu wa shule, akashushwa kuwa fundi wa wilaya, akapewa chumba kando ya stoo, na akakatazwa kuhudhuria mikutano ya viongozi.

"Hata ya Ijumaa?" aliuliza.

"Yote, maisha yako yote."

"Nashukuru sana, Mheshimiwa," alisema, na kwa namna alivyokaa nikaona hasemi kwa kejeli.

Saba B walifanya mtihani Jumatano iliyofuata, wakiwa watoto. Nilisimamia mlango. Matokeo niliyapata baadaye nikiwa nyumbani: thelathini na wawili walifaulu, Shemsa akiwamo, na sita hawakufaulu, kama ilivyo kwa darasa lolote lenye watu.

Siku ya kuondoka nilikwenda kumuaga Bi. Sikitu kwenye chumba chake cha stoo. Sikuweza kuingia mara moja. Nje palikuwa na foleni ya wakuu wa shule, wanaume na wanawake watu wazima, wamekuja mmoja mmoja bila kuambiana, na kila mmoja alijifanya amepita tu. Mmoja alikuwa amepoteza darasa la pili lote. Mwingine shule yake ilikuwa imeandikwa kuwa kisima. Wote walitaka fundi aje awagusie.

Bi. Sikitu hakuwagusia. Alikuwa amemkalisha mbele ya mashine mzee mmoja mkubwa wa mwili, mkuu wa shule kwa miaka thelathini, mikono mitupu juu ya meza, jasho linamtoka. Mbele yake palikuwa na jina la mtoto mmoja limeandikwa kwenye kipande cha karatasi. Nilingoja. Mzee aliinamia vitufe, kidole kimoja kikiwa hewani.

"Herufi kubwa iko wapi?" aliuliza, kwa sauti ndogo.

Mimi nilikuwa naijua, nikanyoosha mkono kumwonyesha. Bi. Sikitu akanishika kiganja.

"Mwache aitafute," alisema.